Sura ya Nne: Subirini Hadi 1945

Majira ya baridi ya 1932, kwenye mashamba ya Iowa na Nebraska, watu walikuwa wakichoma mahindi, na si kwa kuyala. Waliyatia ndani ya majiko ya chuma, punje na magunzi yake, ili nyumba zipate joto, kwa sababu bei ya mahindi ilikuwa imeanguka hata makaa ya mawe yakawa ghali kuliko chakula. Ngano iliyouzwa kwa dola 1.04 mwaka 1929, kipimo cha busheli moja ambayo ni kama kilo 27, sasa ilileta senti 38. Na katika miji mikubwa ya nchi hiyohiyo watu walijipanga tangu alfajiri, kola za makoti zimeinuliwa, wakingojea bakuli la supu na kipande cha mkate.

Anayetaka kuuelewa mwaka huo asianze na wanasiasa. Aanze na jiko lile la Iowa na foleni ile ya supu. Chakula kilikuwepo hadi kikageuzwa kuni, na njaa ilikuwepo. Kilichokosekana ni fedha ya kuvikutanisha.

Watu wapatao milioni 12 hawakuwa na kazi, karibu robo ya nguvukazi yote ya Marekani. Bima ya ukosefu wa kazi haikuwepo. Jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria ya kwanza ya aina hiyo Januari mwaka huo, lakini malipo yake yalikuja kuanza 1936. Benki zaidi ya 1,400 zilianguka katika miezi hiyo 12, na kila moja iliondoka na akiba za watu: mahari, ada za shule, fedha za uzeeni. Tarehe 8 Julai kipimo cha Dow cha bei za hisa kilifika 41.22. Chini ya miaka mitatu nyuma kilikuwa 381.17. Waliofukuzwa kwenye nyumba za kupanga walijenga vibanda vya mbao za masanduku, mabati na makaratasi, hata ndani ya bwawa lililokaushwa katikati ya bustani kubwa ya New York, Central Park. Vijiji hivyo viliitwa kwa jina la rais: Hooverville. Gazeti alilojifunika mtu aliyelala nje liliitwa blanketi la Hoover, na mfuko wa suruali uliopinduliwa nje, mtupu, ukaitwa bendera ya Hoover.

Herbert Hoover hakuwa mtu wa moyo wa jiwe, na ni dhuluma kumwandika hivyo. Ndiye aliyesimamia chakula cha mamilioni ya Wabelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye chakula cha Warusi wakati wa baa la njaa la 1921. Lakini ndani ya nchi yake aliamini kwamba serikali ya shirikisho ikimpa mtu mmoja mmoja msaada mkononi itamwondolea uwezo wa kusimama mwenyewe. Masikini wahudumiwe na majirani, makanisa, mashirika ya hisani na halmashauri zao, na kwa mengine wavumilie hadi biashara itakapozinduka. Wahenga wetu walisema subira huvuta heri. Neno hilo lina ukweli wake, ila ni vizuri kutazama anayelisema ni nani na anamwambia nani.

Maana si wote walioambiwa wasubiri. Januari mwaka huo serikali iliunda shirika la kukopesha mabenki, reli na kampuni za bima, likiwa na mtaji wa dola milioni 500. Mkuu wake, Charles Dawes, aliyewahi kuwa makamu wa rais, alijiuzulu mwezi Juni akarudi kwenye benki yake mjini Chicago. Wiki chache hazikupita, shirika hilohilo likaikopesha benki hiyo dola milioni 90. Wapo wachumi wanaosema mkopo ule ulizuia maafa makubwa zaidi mjini Chicago, na huenda wana haki. Lakini mjini humohumo walimu wa shule za umma walikuwa wakimaliza miezi bila mshahara, au wakipewa karatasi za ahadi ambazo wenye maduka walizipokea kwa kuzikata thamani. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wenye njaa, naye akiwa na njaa, alisoma habari za milioni 90 gazetini kama kila mtu.

Machi ulikuwa mwezi mzito. Tarehe 1, mtoto wa miezi 20 wa rubani Charles Lindbergh, mtu aliyependwa kuliko wote nchini, aliibwa kitandani kwake huko New Jersey, na kwa wiki kumi redio na magazeti havikuwa na habari nyingine. Tarehe 7, nje kidogo ya Detroit, watu elfu kadhaa wasio na kazi waliandamana katika baridi kali kuelekea kiwanda cha Ford cha River Rouge. Walikuwa na orodha ya madai: kazi, matibabu, kukomeshwa kwa ubaguzi dhidi ya wafanyakazi weusi, makaa ya kupashia nyumba. Mpakani mwa mji wa Dearborn polisi waliwarushia mabomu ya machozi, wao wakajibu kwa mawe na mapande ya udongo ulioganda. Karibu na lango la kiwanda, magari ya zimamoto yaliwamwagia maji ya barafu, kisha zikafyatuliwa risasi. Wanne walikufa siku ile. Maelfu kwa maelfu waliwasindikiza makaburini. Wa tano alifariki miezi kadhaa baadaye kwa majeraha yake, na kwa kuwa alikuwa Mweusi, makaburi walimozikwa wenzake yalikataa kumpokea.

Nimelitaja jambo la Dearborn kwa haraka, ingawa linastahili sura yake, kwa sababu lililokuja baada yake ndilo ninalolihesabu kuwa kiini cha mwaka. Nalo linaanza na deni.

Wamarekani walipoingia vitani mwaka 1917, askari wa kawaida alilipwa kama dola moja kwa siku, huku mfanyakazi aliyebaki nyumbani, hasa katika viwanda vya silaha, akipata mara kadhaa ya hiyo. Vita ilipokwisha askari wakadai fidia ya tofauti ile. Ni vita hiyohiyo iliyotuachia sisi jina la Kariakoo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na ndugu wengi wa wapagazi waliokufa nao hawakuyaona malipo ya marehemu wao. Kwa Wamarekani, Kongresi ilikubali mwaka 1924, tena kwa kuishinda kura ya turufu ya Rais Calvin Coolidge: dola moja kwa kila siku ya utumishi ndani ya nchi, dola moja na robo kwa kila siku ya ng'ambo. Aliyedai dola 50 au pungufu alilipwa papo hapo. Waliobaki, zaidi ya milioni tatu, walipewa hati. Kwenye hati kulikuwa na kiasi, na riba yake, na mwaka wa kulipwa: 1945. Akifa kabla, warithi wake wangelipwa. Ndiyo maana askari wenyewe waliiita bonasi ya kaburini.

Mwaka 1924 mtu mwenye kazi aliweza kuikunja hati ile akaiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Mwaka 1932 mtu huyohuyo hakuwa na kazi, watoto hawakuwa na viatu, na sandukuni mna karatasi inayosema serikali ya Marekani inadaiwa naye. Mwaka uliotangulia Kongresi ilikuwa imewaruhusu kukopa hadi nusu ya thamani ya hati zao, nao walikopa, wakala, ikaisha, na riba ya mkopo ikaanza kuitafuna nusu iliyobaki. Mbunge mmoja wa Texas, Wright Patman, yeye mwenyewe aliyekuwa jeshini, alileta muswada wa kulipa yote sasa. Gharama yake ilikuwa dola bilioni 2.4. Serikali, ambayo bajeti yake ilikuwa na pengo na ambayo mwezi Juni ilipandisha kodi, ilisema haiwezekani.

Mjini Portland, katika jimbo la Oregon lililo pwani ya Pasifiki, alikuwepo mtu aitwaye Walter Waters, sajini wa zamani wa kikosi cha mizinga aliyepigana Ufaransa. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha kusindika matunda hadi kazi ilipokwisha, kisha yeye na mkewe wakauza vitu vya nyumbani kimoja baada ya kingine. Waters aliona kwamba wenye mabenki hawawaandikii wabunge barua tu. Wanaenda Washington wenyewe na kukaa kwenye korido. Basi nasi twende. Mwezi Mei watu wapatao 300 walidandia mabehewa ya mizigo kuelekea mashariki, safari ya zaidi ya kilomita 4,000.

Wiki hiyohiyo mwili wa mtoto wa Lindbergh uliokotwa kichakani, umbali mfupi kutoka nyumbani kwao, kwa hiyo hakuna aliyewatazama. Hata tarehe 21 Mei, Amelia Earhart alipotua kwenye malisho ya ng'ombe kaskazini mwa Ireland, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake angani, wao walikuwa katikati ya nchi, wanagombana na kampuni ya reli. Kule East St. Louis kampuni ilikataa kuwabeba. Walipaka reli sabuni, wakatenganisha mabehewa, treni ikashindwa kuondoka. Gavana wa Illinois hakutaka damu imwagike, akawapakia kwenye malori ya jeshi la jimbo na kuwavusha hadi Indiana. Indiana nayo ikawavusha hadi Ohio, na kuendelea hivyo, kila jimbo likifurahi kuwaona wanaishia mpakani. Kisa cha reli kikawaingiza magazetini, na katika kila mji wa nchi askari wa zamani wakasoma na kufunga mizigo yao.

Waliingia Washington mwisho wa Mei. Katikati ya Juni walikuwa wamepita 15,000, baadhi wakiwa na wake na watoto, na kambi yao kubwa ilikuwa upande wa pili wa mto Anacostia, kwenye bonde la matope linaloonekana kutoka Kongresi. Walijenga kwa walichookota jaani: milango ya magari mabovu, masanduku ya mayai, nyasi, mabati. Lakini walipanga mitaa iliyonyooka. Palikuwa na kinyozi, gazeti lao, maktaba ndani ya hema, baragumu ya asubuhi, na amri ya Waters kwamba hakuna ulevi, hakuna kuombaomba, hakuna siasa za kikomunisti. Roy Wilkins, mwandishi kijana wa jarida la wanaharakati weusi la The Crisis, alikwenda kuona, akakuta kitu ambacho jeshi la Marekani lenyewe halikuwahi kukifanya: Weusi na Weupe wakila kwenye sufuria moja na kulala kwenye mistari ileile ya mahema, miaka 16 kabla ya serikali kuamuru jeshi liache kuwatenga. Kwangu mimi hilo ni moja ya mambo makubwa ya mwaka ule, na vitabu vingi hulipita kwa mstari mmoja.

Waliyempata upande wa serikali ni mtu wa nadra, mkuu wa polisi wa jiji, Pelham Glassford. Aliwahi kuwa jenerali huko Ufaransa, na aliwatazama wale watu kama askari wake waliochelewa kurudi nyumbani. Alizunguka kambi juu ya pikipiki, akawatafutia mahema, akatoa fedha zake mwenyewe za chakula. Tajiri mmoja wa jiji, Evalyn Walsh McLean, mwenye almasi maarufu ya Hope, alipowaona aliingia mkahawani usiku akaagiza sandwichi 1,000.

Tarehe 15 Juni Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa Patman, kura 211 kwa 176. Tarehe 17 ikawa zamu ya Seneti. Maelfu walijaa kwenye ngazi na viwanja vya jengo la Kongresi tangu mchana. Giza lilipoingia Waters aliitwa ndani, akatoka na habari: 62 wamekataa, 18 wamekubali. Kwa dakika kadhaa hapakuwa na sauti. Mwandishi mmoja wa magazeti aliyesimama karibu naye, Elsie Robinson, alimnong'oneza awaambie waimbe wimbo wa kuisifu nchi. Wakavua kofia, wakaimba, wakajipanga kwa vikosi vyao, wakarudi matopeni.

Waliokuwa na pa kurudi, wakarudi. Kongresi ilitenga dola 100,000 za nauli, nazo zilikuwa mkopo wa kukatwa kwenye bonasi ileile. Lakini wengi walibaki kwa sababu moja rahisi: kule walikotoka hapakuwa na kitu. Siku za mwisho za kikao cha Kongresi, kundi la kutoka California, likiongozwa na Royal Robertson aliyevaa chuma cha kushikilia shingo, lilitembea mstari mmoja kuzunguka jengo usiku na mchana, kimya. Tarehe 16 Julai wabunge walifunga kikao, wakaenda makwao. Inasemekana baadhi yao walitokea milango ya nyuma.

Tarehe 28 Julai, siku ya joto kali, amri ilikuja kuyatoa makundi yaliyokuwa yakilala ndani ya majengo mabovu ya serikali kando ya barabara ya Pennsylvania. Asubuhi polisi wa Glassford walilitoa jengo la kwanza kwa utaratibu. Baadaye matofali yakarushwa, na mchana, ndani ya jengo moja, polisi aliyezidiwa na hofu alifyatua bastola. William Hushka, mhamiaji kutoka Lithuania aliyeipigania nchi yake mpya, alikufa pale. Eric Carlson wa Oakland alikufa hospitalini siku chache baadaye. Wote wawili walizikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, kwa heshima zote za kijeshi.

Hoover aliagiza jeshi. Saa kumi na ushee za jioni, wafanyakazi wa ofisi za serikali walipokuwa wakitoka kazini, waliona farasi wa kikosi cha tatu wakishuka barabara ya Pennsylvania, panga zimechomolewa, nyuma yao vifaru, nyuma ya vifaru askari wa miguu wenye visu kwenye mitutu na barakoa za gesi. Baadhi ya askari wa zamani walishangilia. Walidhani ni gwaride la kuwaheshimu. Mbele alikuwepo mkuu wa jeshi mwenyewe, Jenerali Douglas MacArthur, amevaa nishani zake zote, na kando yake msaidizi wake, Meja Dwight Eisenhower, ambaye baadaye aliandika kwamba alimshauri bosi wake asijitokeze mtaani katika kazi ya namna ile. Kati ya wapanda farasi alikuwepo Meja George Patton.

Gesi ilirushwa. Farasi walipanda hadi kwenye vijia vya waenda kwa miguu, wakawasukuma askari wa zamani, wanawake waliokuwa wakipita, na watazamaji waliokuja na watoto wao. Hadi jioni majengo yalikuwa matupu na watu wamesukumwa hadi darajani. Hoover alikuwa ametuma agizo kwamba jeshi lisivuke mto. MacArthur alivuka. Kambi ya Anacostia ilipewa muda mfupi wanawake na watoto waondoke, kisha moto ukawaka, mwingine ukiwashwa na askari, mwingine na wenyeji wa vibanda wenyewe kwa hasira. Maktaba, kinyozi, mitaa iliyonyooka, vyote vikateketea. Anga jekundu lilionekana kutoka Ikulu.

MacArthur aliwaambia waandishi usiku ule kwamba wale walikuwa kundi lenye moyo wa mapinduzi, na Hoover naye akasema wengi wao hawakuwa askari wa zamani bali wakomunisti na wahalifu. Idara ya serikali yenyewe iliyoshughulikia maveterani ilikuwa na takwimu tofauti: asilimia 94 walikuwa na rekodi ya jeshi, na asilimia 67 walikuwa wamepelekwa ng'ambo.

Kesho yake asubuhi mtu mmoja mdogo wa umbo, aliyekonda, aliomba kumwona Meja Patton. Jina lake Joe Angelo, wa Camden, New Jersey. Septemba 1918, katika mapigano ya Argonne, Patton alipigwa risasi, na Angelo ndiye aliyemburuta hadi shimoni, akamfunga jeraha na kukaa naye chini ya risasi. Kwa hilo alivishwa nishani ya juu ya ushujaa. Mwaka 1931 alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Camden hadi Washington kuwaeleza wabunge kwamba hana kazi. Patton alisema hamjui mtu huyu, akaamuru aondolewe. Baadaye aliwaeleza maofisa wenzake ukweli, kwamba anamjua, na kwamba yeye na mama yake wamemsaidia fedha tangu vita. Aliogopa tu magazeti yangesema nini kama wangeonekana pamoja siku ile. Huenda ndivyo. Lakini Angelo alipokuwa akitolewa na walinzi hakuwa na namna ya kujua hayo.

Siku mbili baadaye, tarehe 30 Julai, Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa mjini Los Angeles. Hoover hakwenda, alimtuma makamu wake, Charles Curtis, mtu mwenye damu ya taifa la asili la Kaw. Uwanja ulijaa. Eddie Tolan, kijana Mweusi wa Detroit aliyevaa miwani iliyobandikwa kwa plasta, alishinda mita 100 na mita 200, akawa binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani. Babe Didrikson wa Texas alichukua dhahabu ya mkuki na ya viunzi. Louise Stokes na Tidye Pickett, wasichana wawili Weusi waliosafiri bara zima kwa treni wakiwa kwenye kundi la kupokezana vijiti, walikaa jukwaani wakitazama. Nafasi walipewa wengine Weupe.

Agosti wakulima wa Iowa waliziba barabara. Kiongozi wao Milo Reno alisema kama hawalipwi gharama za kilimo, basi wabaki na mazao yao. Kuzunguka Sioux City walilaza magogo na mbao zenye misumari njiani, wakasimamisha malori, wakamwaga maziwa mtaroni. Wenye njaa mjini waliyasoma hayo kwa uchungu, na si vigumu kuelewa. Ila mkulima aliyemwaga maziwa yale alikuwa akilipwa kama senti mbili kwa chupa ambayo mjini iliuzwa senti nane. Majira yaliyofuata walianza mtindo mwingine. Benki ikileta shamba mnadani kwa ajili ya rehani, majirani mamia walikuja, wakataja senti kumi kwa ng'ombe, senti tano kwa plau, na mgeni aliyejaribu kupandisha bei alioneshwa kitanzi kinaning'inia kwenye boriti ya zizi. Mnada ukiisha, vyote vilirudishwa kwa mwenyewe.

Mwaka huohuo, katika wilaya ya Macon, Alabama, jambo lingine lilianza kimyakimya. Idara ya afya ya serikali ya shirikisho iliwaandikisha mamia ya wanaume Weusi, wengi wao wakulima wa kugawana mazao na mwenye shamba, ikawaambia wanatibiwa damu mbaya. Mia nne hivi walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Hawakutibiwa, hata penisilini ilipokuja na kuwa dawa ya kawaida, kwa sababu madaktari walitaka kutazama ugonjwa utakavyowamaliza. Walipewa chakula cha mchana, usafiri wa gari na ahadi ya gharama za mazishi, mambo ambayo kwa masikini wa 1932 hayakuwa madogo. Utafiti ule uliendelea miaka 40. Naamini hakuna tukio la 1932 lililokuwa na ukatili mrefu kama huo.

Mshindi wa uchaguzi wa tarehe 8 Novemba alijulikana mapema. Franklin Roosevelt, gavana wa New York, alipoteuliwa na chama chake mwezi Julai hakungoja wiki kadhaa kupelekewa taarifa rasmi nyumbani kama ilivyokuwa desturi. Alipanda ndege kutoka Albany hadi Chicago, saa tisa angani kwenye upepo mkali, akaenda kupokea mwenyewe. Watu waliochoka kungoja walilipenda hilo. Alipata kura 472 za wajumbe wa uchaguzi, Hoover 59. Lakini Katiba ya wakati ule ilimtaka naye asubiri: hakuapishwa hadi tarehe 4 Machi 1933. Katika miezi hiyo minne mabenki yalizidi kuanguka, na asubuhi ya kuapishwa kwake majimbo mengi yalikuwa yameyafunga au kuyawekea mipaka.

Na kuhusu bonasi, Roosevelt hakuwa na msimamo tofauti na Hoover. Alikataa kuilipa. Askari wa zamani waliporudi Washington Mei 1933 aliwapa kambi, chakula na madaktari, na mkewe Eleanor akaenda kuwatembelea, akatembea matopeni, akaimba nao nyimbo za vita. Maveterani walisema Hoover alituma jeshi, Roosevelt ametuma mkewe. Kisha akawapa kazi badala ya fedha. Mamia walipelekwa visiwa vya kusini mwa Florida kujenga barabara na madaraja, wakikaa kwenye vibanda vya mbao na mahema ufukweni. Tarehe 2 Septemba 1935 kimbunga kilipiga visiwa vile. Treni ya kuwaokoa iliitishwa kwa kuchelewa, na bahari ikaiangusha kutoka kwenye reli. Zaidi ya maveterani 250 walikufa.

Januari 1936 Kongresi ilipiga kura tena. Roosevelt alitumia turufu yake, wabunge wakaishinda. Safari hii hati zilibadilishwa kwa dhamana za dola 50 ambazo mtu angeweza kuzigeuza fedha mara moja, na makarani walifanya kazi miezi kadhaa kuziandaa kwa mamilioni. Zilianza kutolewa tarehe 15 Juni 1936, miaka minne kamili tangu siku ile ya Juni ambapo Baraza la Wawakilishi lilisema ndiyo. Katika miji yote ya Marekani watu wa posta walitembea nyumba kwa nyumba na bahasha zao, wakigonga, wakiuliza jina, wakiomba sahihi.